Mashine Iliyokiri Haijui

Bado naikumbuka Alhamisi moja, mwanangu, nilipokuwa fundi kijana pale Karurumo, nimejaa kiburi kama tairi lililopigwa upepo kupita kiasi. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Magari ya Kijapani yenye kompyuta ndani yalikuwa yameanza kupanda milima yetu, na mafundi wengi waliyakwepa. Mimi nikaona nafasi. Nikaenda Nairobi, nikarudi na mashine ya kusoma hitilafu za injini, ya bei nafuu, ikiwa na kadi moja ya programu. Boksi lake lilikuwa na picha za magari mazuri. Sikuuliza ni ya wapi. Kipya kinyemi ingawa kidonda, nami kidonda sikukiona.

Wa kwanza kuniletea gari alikuwa Sista Muthoni, muuguzi wa Kanja. Kila Alhamisi alishuka Ishiara na sanduku la chanjo za watoto. Asubuhi hiyo injini ilitetemeka na taa yake ya onyo ilikuwa imewaka. Watu wakakusanyika kunitazama.

"Fundi, hiyo redio inashika stesheni gani?" mmoja akanitania.

Nikaichomeka. Kioo kikaandika kwamba hakuna mawasiliano. Kumbe kadi ile ilikuwa ya magari ya Ulaya, na hili lilikuwa la Kijapani.

"Inasemaje?" Sista akauliza.

Macho yote yalikuwa kwangu. "Inasema chujio la petroli limeziba," nikajibu.

Nikabadilisha chujio. Akanishukuru, akaondoka.

Mwanangu, gari lilizimika mteremkoni kabla ya Ishiara. Barabara ilikuwa na makovu ya mvua kubwa, na kwa saa nyingi hakupita mtu wa kumsaidia. Barafu ya sandukuni ikawa maji, chanjo zikaharibika. Akina mama waliotembea tangu alfajiri na watoto mgongoni wakarudi nyumbani bila kudungwa hata mtoto mmoja.

Gari likavutwa hadi kwa Mzee Nyaga, aliyenifunza kazi. Akaniita. Nikamweleza yote, hata uongo wangu. Akatafuna majani yake ya mugukaa polepole.

"Mashine ilikuambia haijui?"

"Ndiyo, Mzee."

"Basi ina adabu kukushinda."

Sista alikuwa ameketi juu ya tairi kuukuu. "Nami nikimdunga mtoto dawa nisiyoijua," akasema, "bado utaniita muuguzi?"

 

Mzee akachukua kipande cha waya, akaunganisha matundu mawili ya soketi iliyo chini ya boneti. Taa ya injini ikaanza kupepesa, naye akahesabu mipepeso, maana kila hitilafu ina idadi yake. "Sensa inayopima joto la maji ya injini," akasema. Tukaufuata waya wake, tukakuta umetafunwa na panya.

Nilidhani Sista angemwomba Mzee auunge. "Mwache yeye," akasema. "Alhamisi nitawaita tena wale akina mama. Na huyu ndiye atakayeniambia kama gari litafika."

Alhamisi ikafika. Nikamwambia, "Waya nimeuunga, nimelijaribu hadi Runyenjes na kurudi. Hilo nina hakika nalo. Pampu ya petroli sijaifungua, siwezi kuisemea."

"Sasa naweza kwenda," akasema, akawasha gari. Jioni alipita akapiga honi mara mbili bila kusimama. Watoto walikuwa wamechanjwa. Nililia nyuma ya gereji, mwanangu, na sikuona haya.

Baadaye Mzee alinisimamisha kando ya barabara siku tatu za soko, niandike magari yanayopita kwetu, aina na miaka yake, na nichore soketi zake. Nilirudi dukani na daftari hilo, nikabadilishiwa kadi. Mashine ile ile ya bei nafuu ikanilisha miaka mingi.

Kwa hiyo usinunue mashine kwa kutazama picha za boksi. Yajue kwanza magari yanayokuja mlangoni kwako. Uliza kama soketi inaingia na kama programu inaelewana na kompyuta ya gari hilo, kisha omba uijaribu kwenye gari lenyewe kabla ya kulipa. Rahisi inayoelewana na gari lako ni bora kuliko ghali iliyo bubu. Na ikinyamaza, usiisemee.

Mungu akujalie walimu wakali wenye huruma, na wateja watakaokupa nafasi ya pili kama nilivyopewa mimi. Na kila gari litakalotoka mikononi mwako, lifike liendako.