Keki ya Mwezi Uani Kwetu

Mpangaji wetu hapa Nkubu, chini ya mlima, mhandisi wa kike kutoka China aliyekuja na watu wa kujenga barabara, alitualika uani jioni moja ya Septemba. Alisema ni sikukuu ya mwezi ya kwao. Baba alininong'oneza kwamba mwezi huo tunautazama bure siku zote, lakini alivaa koti lake la kanisani.

Mwezi ulipochomoza nyuma ya migomba, hata yeye aliinua kichwa kuutazama. Ulikuwa mzima, mkubwa kupita kiasi, na ulipopanda, theluji ya mlima ikang'aa upande wa pili. Nimezaliwa hapa, na sikuwahi kusimama kuutazama.

Mgeni wetu alileta keki ndogo za duara, zimechapwa maua juu. Akakata yake kwanza: kipande cha mama yake, cha baba yake, cha bibi yake, wote wako China.

"Kila mtu wa nyumba," alisema kwa Kiswahili chake cha polepole. "Hata hayuko, tunakatia yeye."

Ndani ya keki kulikuwa na kiini cha yai, mwezi mwingine mdogo. Nilishangaa kama mtoto.

Kisha akatusogezea keki yetu. "Mzee, nyumba yako watu wangapi?"

Mama aliinamisha kichwa. Kaka yangu alikosana na Baba kwa sababu ya shamba la Mitunguu, akaondoka, na tangu hapo jina lake halitajwi kwetu. Nilitamani mno kujua kama Baba bado anamhesabu mwanawe. Niliogopa pia kujua.

"Huku watu hawahesabiwi, my daughter," Baba alijibu. "Ni mbaya. Hata ng'ombe hatuhesabu. Leta kisu."

Nilimkasirikia kimoyomoyo. Mzee huyu na ujanja wake!

Akakata keki katikati. Akatua kidogo, halafu akazikata nusu zote mbili. Mama akachukua kipande, mimi changu, yeye chake. Kimoja kikabaki sahanini, kimemulikwa na mbalamwezi. Mama alikuwa akitafuna na kulia.

"Funika hiyo, paka isikule," Baba akaniambia, macho yake yakiwa mlimani. "Na wewe si uko na number yake? Najua mnaongeanga. Mpigie, mwambie chakula yake itaharibika."