Pisini ya Tata Swedi

Wakubwa wa mgodi walipozima pampu na pisini ya mtaa ikakauka, Tata Swedi, aliyefundisha nusu ya watoto wa Kolwezi kuogelea, hakuiacha. Kila kiangazi alishuka chini na ndoo ya simenti akaziba nyufa, huku mkewe Bilkisi akimwambia jua limempiga kichwani. Swedi alijibu kwamba maji yatarudi, na yakimkuta hajajiandaa, aibu ni yake.

Kweli yakarudi. Asubuhi moja alisikia pampu inanguruma, akanyakua filimbi yake akakimbia, kandambili mguu mmoja. Pisini ilikuwa imejaa! Lakini ndani walisimama wachimbaji, maji ya matope mpaka kiunoni, wakiosha mawe ya kobalti yaliyotoka mgodi wa Mutoshi.

"Batoto, mutoke mu maji! Hapa ni pa kuogelea!"

Gael, mkubwa wao, alimsalimia kwa mikono miwili.

"Usikasirike, tata. Tulizunguka mu muji yote kutafuta pisini ya kuoshea mawe. Zote zinavuja. Ni ya kwako tu inashika maji."

Swedi aliuzunguka ukingo polepole, akitafuta ufa mmoja tu uliomponyoka. Hakuuona.