Mawingu ya Chumbani

Miaka tisa Bi Panga amerusha helikopta ya wagonjwa. Jina hilo alibandikwa kwa sababu ya yale mapanga yanayozunguka juu, si kwa ukali, ingawa na ukali anao wa kutosha. Mpe anga safi, atakutulia katikati ya uwanja wa shule na chai yako isimwagike. Lakini wingu! Wingu hana ruhusa nalo. Likishuka tu, helikopta haiondoki, mgonjwa atajijua. Ndipo mkuu wa marubani akamwambia bila kupepesa macho: "Ijumaa nataka cheti cha mawingu hapa mezani. Huna, kiti anakalia mwingine."

Cheti chenyewe kinadai saa za kuruka bila kuona nje, macho kwenye vipimo tu. Saa kumi za mwisho aliruhusiwa kuzifanya kwenye simuleta: kijumba kisicho na dirisha, kiti, mishale, na kioo kilichojaa ukungu mweupe pe. Sharti ni moja, mwalimu awe amekaa nyuma yake anatazama. Na mwalimu ni nani? Shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa. Balaa likaanzia hapo.

Maana shemeji ana simu mbili na zote haziishi kuita. "Shem, endelea, nakuja sasa hivi." Sasa hivi gani ya saa nzima? Bi Panga anabaki peke yake na ukungu wake. Akipotea, akidhani anapanda kumbe anaporomoka, anabonyeza kitufe cha kusimamisha. Kila kitu kinaganda. Anafuta jasho, anajipanga upya, anaendelea. Saa ya ukutani haigandi, nayo ndiyo inayoandikwa kwenye daftari.

Alhamisi mchana zile saa kumi zikatimia. Shemeji akasaini mistari yote kwa mkupuo, hata hakukaa. "Hongera, shem!"

"Kaa basi nikuoneshe," akasema Bi Panga. "Kutua mara moja tu. Sibonyezi kitu."

"Kubonyeza nini?"

Bi Panga akarudi kitini. Akafunga mkanda. Dakika ya nne mwili ukamwambia anapinda kushoto, mshale ukasema kulia, na yeye, masikini, akauamini mwili. Kioo kikawa chekundu.

"Tumekufa," akasema. "Mimi, muuguzi na mgonjwa wetu."

Shemeji akakohoa. "Mashine tu hiyo. Utazoea huko huko juu."

"Nizoee na watu mgongoni?"

"Sikiliza, shem. Ukizikata saa hizo daftarini, watauliza nilikuwa wapi. Watafukua madaftari ya wote niliowafundisha. Leseni yangu kwisha. Dada yako na watoto unawaweka wapi?"

Ama kweli alibanwa. Dada ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki, akaacha shule yake ili mdogo wake asome. Akizipeleka saa zile, siku moja ataingia kwenye wingu na mgonjwa, na hajui kutoka. Akizikata, kazi yake inakwenda na nyumba ya dada inakwenda nayo. Alikichukia kijumba kile, akamchukia shemeji, akajichukia mwenyewe aliyekuwa anabonyeza na kunyamaza.

Akapiga mstari juu ya saa nane. Akabakisha mbili ambazo shemeji alikaa kweli, akaweka sahihi yake pembeni. Shemeji akatoka bila kuaga.

Ijumaa mkuu alilisoma daftari mara mbili, akamwambia akabidhi kofia na funguo. Kisha akaanza kupiga simu kuulizia wanafunzi wengine wa mwalimu yule.

Wiki ya pili Bi Panga akaenda kwa dada. Dada akasimama mlangoni, hakumkaribisha.

"Ungeniambia mimi kwanza."

"Ungenikataza, dada."

"Ningekukataza, ndiyo. Na ungenisikia, kwa sababu ni mimi." Akafuta macho kwa kiganja. "Nenda kwako. Usije hapa mpaka nikuite."

Huu mwaka wa pili, hajaitwa.