Bima Niliyoizima Theluji Ilipoanza

Jirani yangu Hilja alirudisha gari langu likiwa na kulungu kwenye kiti cha mbele, amefungwa mkanda.

Amekufa. Ulimi nje, pembe imetokeza dirishani kama mtu anayepunga mkono.

Niiteni mwongo, nimezoea. Hapa kijijini kwetu Lapland wananiita hivyo tangu enzi naendesha greda la theluji, kabla sijastaafu. Ila hili sina hata hamu ya kulitia chumvi.

Turudi nyuma kidogo.

Kwetu Ufini unaruhusiwa kulipumzisha gari. Unabonyeza simu, gari linahesabika limelala, bima inasimama, hulipi kitu mpaka uliamshe. Wenye magari ya kiangazi ndio hufanya hivyo.

Mimi, bahili wa kuzaliwa, nilikuwa nalilaza gari letu la pekee kila theluji ikianza. Dukani nakwenda na kigari cha kusukuma kwa mguu, naserereka kama mtoto.

Mke wangu Raili alinikataza.

"Tauno, siku moyo ukikuangusha, nikupeleke hospitali mgongoni?"

"Nimeacha huo mchezo," nikamjibu.

Sikuwa nimeacha.

Basi asubuhi moja baridi ilikuwa kali mpaka kivuli changu kilikataa kutoka nje. Hilja akagonga. Betri ya gari lake imekufa, dawa zake za presha zimeisha, na duka la dawa liko mjini.

"Chukua letu," Raili akasema. Funguo keshampa, yeye huyoo akaenda zake mazoezi ya kwaya.

Hapo nilikuwa na nafasi. Neno moja tu: usiende.

Hilja anavaa glavu, ananitazama.

Nikasema, "Endesha polepole, jirani."

Alipotoka uani nikakimbilia simu nikaiamshe bima. Simu imeisha chaji. Nikaichomeka, nikakaa kusubiri iwake, nikapitiwa na usingizi. Uzee huo.

Kilichoniamsha ni honi. Ndiye huyo kulungu wenu.

"Katokea kwenye miti ghafla," Hilja akasema. "Buti la gari limeganda, halifunguki. Sikutaka kumwacha aliwe na kunguru. Ni wa watu."

Ni wa watu kweli. Kulungu wetu wa theluji si wa mwituni, wanafugwa, kila mmoja ana alama ya mwenyewe sikioni. Huyu alikuwa wa Niila, kijana wa ng'ambo ya mto. Ukimgonga, bima ya gari ndiyo inayomlipa mfugaji.

Tena Hilja ndiye mthamini wetu. Kulungu akigongwa popote, wafugaji na watu wa bima wanamwita yeye aseme imekuwaje, na akisema, hakuna anayebisha. Kazi hiyo ameifanya tangu mumewe yuko hai.

Nikajifungia chooni na simu. Nikabonyeza kama kuku anayedonoa. Kioo kikaandika: gari lipo barabarani, bima inafanya kazi.

Nikashusha pumzi. Nikatoka nikamwambia Hilja ukweli wote. Kisha nikaongeza la kwangu.

"Niila akija, mwambie umemgonga saa nane mchana."

Akatazama saa ya ukutani. Saa sita ilikuwa ndiyo kwanza imepita.

"Kwa hiyo tukae hapa tusubiri saa nane, ndiyo tumpigie?"

"Kahawa ipo."

"Tauno. Unajua unaniomba nini?"

"Bila hivyo Niila hapati kitu, na sisi tunauza hili gari. Raili atanifukuza."

Alikunywa kahawa bila sukari, na Hilja hunywa na vipande vitatu.

"Kwa ajili ya Raili," akasema.

Niila alikuja na pikipiki ya theluji. Akamtazama kulungu wake pale kitini.

"Mnyama wangu kapandishwa cheo," akasema. "Mama Hilja, ilikuwa saa ngapi?"

Bado nilikuwa na nafasi nyingine. Mdomo wangu, usiofungwaga, siku hiyo ulifungwa.

"Saa nane," Hilja akasema.

Niila akatoa simu, akaitazama, akamtazama Hilja. Akairudisha mfukoni taratibu.

"Haya. Umesema wewe, nimesikia."

Akalipwa. Gari likatengenezwa. Nikaanza kupiga mluzi tena.

Wiki chache baadaye Hilja akajiuzulu uthamini. Hakutoa sababu. Nikamfuata Niila.

"Mzee, kulungu yule alikuwa na kifaa cha setilaiti shingoni, namfuatilia kwenye simu," akaniambia. "Saa tano na nusu alikuwa anatembea kwa kasi ya gari. Saa sita yuko uani kwako. Mama Hilja alinidanganya usoni, na aliniona nikiona. Nikanyamaza kumstahi. Nikafikiri labda alikuwa amekunywa."

Amekunywa. Hilja, ambaye hata bia ya Krismasi haionji.

Nilirudi nyumbani nikamweleza Raili kila kitu. Nilitegemea sufuria ya kichwa. Alikaa tu.

"Ile bima haikuwa imezimwa," akasema.

"Niliizima mwenyewe."

"Kila mwaka theluji ikianza unajifungia chooni na simu. Unadhani mimi kipofu? Gari lina jina langu pia. Ukishalala, mimi naliamsha, na bili nailipa mimi."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilitaka ukiri mwenyewe. Nimesubiri miaka minne."

Kile kioo cha simu kilikuwa kinanieleza hali ilivyo. Mimi nikadhani ni kidole changu kimefanya kazi. Ningesoma vizuri, au ningemuuliza mke wangu, Hilja asingehitaji kusema hata neno moja la uongo.

Kwenye kikao cha wafugaji nilisimama nikasema yote. Kwanza walicheka, wakadhani ni moja ya zangu. Ilibidi Raili asimame kando yangu ndipo wakaamini. Niila akamwomba Hilja arudi kazini.

"Hapana," Hilja akasema. "Maneno yalikuwa ya Tauno, lakini mdomo ulikuwa wangu."

Nilimwomba radhi, akaipokea. Bado tunakunywa kahawa pamoja. Ila siku hizi akitaka gari, anamwomba Raili, hata kama mimi ndiye niliyefungua mlango.

Wewe unayesoma hapa, kabla theluji haijaanguka, au mvua, au chochote kinachoteleza huko kwenu, ihakikishe bima yako. Isome mpaka mwisho, na uisome na mwenzio kando yako. Mimi bima ilinilipia kila kitu kilichovunjika garini. Jina jema la Hilja halikuwemo.