Mapambazuko ya Jupiter

Tangu utotoni mimi si mtu wa kusema "labda". Mama alikuwa akisema nilizaliwa tayari nikibishana. Hata vita havikunibadili.

Mwaka wangu wa mwisho wa sekondari tulikuwa tumekimbia vita kijijini kwetu Makobola na kupanga chumba mtaa wa Rugenge, mjini Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika. Wanajeshi walikuwa wamewakataza wavuvi kuingia ziwani, kwa hiyo baba, mvuvi, alishinda nyumbani akishona nyavu ambazo hazikuchanika. Siku moja aliniambia niache masomo, nivuke mpaka kwenda Bujumbura kwa shangazi nikajifunze ushonaji.

"Mu hii vita, faida ya masomo minye siioni," alisema.

Nililia, tena kwa hasira. Mwalimu wetu wa fizikia aliposikia, alimwomba baba aje kwanza darasani anisikilize. Mimi alinipa ukurasa wa gazeti la sayansi la Kifaransa, niueleze kwa Kiswahili mbele ya wote. Ulihusu Jupiter, sayari kubwa kuliko zote, na kitu kilichoitwa *aurores*. Nani asiyejua *aurore*? Ni mapambazuko. Kamusi sikuigusa.

Baba alikaa dawati la nyuma, magoti juu, kofia mkononi. Nikatangaza kwa sauti ya padri siku ya Pasaka kwamba kule Jupiter mapambazuko huwaka, huhama na kuzima ndani ya dakika chache. Tena mwanga wake ni wa urujuanimno, usioonekana kwa macho ya mtu. Unaonwa na darubini iliyopelekwa angani.

Baba akainua mkono kama mwanafunzi.

"Minye niko muvuvi. Mapambazuko nilikuwa naionaka kila siku mu ziwa. Inakuyaka mara moja tu asubuhi, na kila mutu anaiona. Hii yako iko mapambazuko ya wapi?"

Darasa zima lilicheka. Aibu ilinipanda hadi masikioni. Mwalimu hakunitetea, alinisogezea kamusi tu. Nikasoma: *aurore*, mapambazuko. Chini yake kulikuwa na *aurore polaire*: mwanga unaotokea juu ya ncha za dunia, chembe kutoka angani zinapogonga hewa.

"Nimekosea," nikasema. Nikamgeukia baba. "Hii si mapambazuko, papa. Hakuna jua yenye kutoka pale. Sumaku ya sayari inavuta chembe, zinagonga hewa yake, hewa inawaka. Inawaka sana kwa sababu sayari yenyewe inageukaka mbio."

"Na macho yetu haiionake?"

"Haiionake."

"Lakini iko?"

"Iko."

Baba aliizungusha kofia yake. Kisha akasimama, akanitazama.

"Basi, mama, na faida ya masomo yako iko. Endelea."

Shangazi alipata mtu mwingine wa kumfundisha kushona. Mimi sasa nafungua kamusi kwanza, lakini "labda" bado siisemi.