Mdoli Aliyefungwa Mikono

Wiki iliyopita mjukuu wangu aliniletea boksi la mdoli nimfungulie. Unayajua maboksi haya: karatasi ngumu nyuma, plastiki angavu mbele, gundi kila pembe, na ndani mdoli amekazwa kwa vijiwaya kama mtu anayepelekwa polisi. Nilijaribu kucha, nikajaribu na meno yaliyobaki. Nikaenda jikoni kuchukua kisu, na nilipokishika mpini tu, nikajikuta Gulwe, kijijini nilikokulia.

Ilikuwa miaka ya ruksa, maduka yalipoanza kujaa tena baada ya taabu ya kupanga foleni ya sabuni. Baba alikuwa kazini Dar es Salaam, mimi na mdogo wangu tulikaa kwa bibi. Treni ikipiga honi tuliacha mlenda sahanini tukakimbilia stesheni, kuona kama kuna mzigo wetu. Siku moja ukaja: mdoli wa dukani, wa kwanza kuonekana pale kijijini, ndani ya boksi kama hili. Mdogo wangu alikuwa na miaka sita. Hadi siku hiyo mtoto wake alikuwa gunzi lililovishwa kitambaa.

Bibi aliligeuzageuza boksi, akasema aliyefunga hivi hakutaka mtoto afungue peke yake. Alitaka mtu mzima akae naye chini. Kwa hiyo tumngoje yeye, akachukua ndoo kwenda kuteka maji. Kiangazi kile maji yalichimbwa kwenye mchanga wa mto, na kungoja kisima kijae ni kazi ya nusu siku.

Mdogo wangu alikaa na boksi mapajani, pua imegusa plastiki. Mwishowe akaniambia kwa sauti ndogo, "Kaka, anaumia. Wamemfunga mikono."

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na sikupenda kuonekana kuna kitu kinanishinda. Bibi alikuwa na chuma cha kutobolea vibuyu. Alikuwa akikiweka kwenye makaa mpaka kiwe chekundu, kikizama kwenye kibuyu kama kwenye ugali. Nikajiambia plastiki haiwezi kuwa ngumu kuliko kibuyu, nikakitia motoni. Kweli, chuma kilipita. Kilipita plastiki, kikapita na shavu la mdoli, likachuruzika kama mshumaa. Harufu ile bado ninayo puani.

Bibi alisimama mlangoni, ndoo bado kichwani, akauliza nani kafanya. Nikasema ni mdogo wangu, kalisogeza boksi motoni. Mdogo wangu akanitazama. Nilingoja akatae.

"Ni mimi, bibi," akasema.

Bibi aliketi, akaligeuza boksi, akafungua vijiwaya kwa nyuma, kimoja kimoja, kwa kucha zake. Vyote vilikuwa vimesokotwa huko nyuma, ambako mimi sikuangalia. Akaviweka kando vya kukazia ungo wake uliolegea. Mdoli akafungiwa sandukuni mpaka mavuno, na mdogo wangu akarudia gunzi lake.

Hakulitaja tena jambo lile maisha yake yote. Mara nyingi nilitaka kuanza mimi: harusini kwake, msibani kwa bibi, hata pale Dodoma alipolazwa mara ya mwisho, nimeketi kando ya kitanda chake. Kila mara niliishia kuzungumzia mvua.

Kisu nilikirudisha. Nilikaa mkekani na mjukuu wangu, nikaligeuza boksi, nikaanza kusokotoa. Macho hayanisaidii tena, ikatuchukua muda, nami nikamsimulia yote. Vijiwaya nikavitia mfukoni mwa shati, ingawa ungo wa kukaza haupo, wala mwenye ungo.

Akauliza kwa nini sikumwomba msamaha mdogo wangu. Nikasema nilichelewa, alishafariki.

Akamkumbatia mdoli kifuani.

"Basi niombe mimi, babu."

Nikamwomba.