Yaishe wa Langoni

Kwenye lango la mahakama yetu kulikuwa na mtu ambaye hakuwa wakili, hakuwa karani, wala hakuwa na kesi, na bado alifika kazini kabla ya hakimu. Tulimwita Yaishe. Alivaa koti la kijivu hata jua liwe kali vipi, na kwapani alibana bahasha ambayo sikuwahi kumwona akiifungua. Zamani alikuwa tarishi humo ndani. Akafukuzwa kwa uvivu, akatoka hadi langoni, akaona hapo panatosha.

Kazi yake ilikuwa kumaliza kesi za kuvunja nyumba, na alizimaliza nyingi kuliko hakimu. Ilikuwa hivi. Mwizi akikamatwa, kitu alichoiba huwekwa stoo ya mahakama kama kielelezo mpaka siku ya hukumu. Siku hiyo haifiki. Leo hakimu yuko semina, kesho faili halionekani, keshokutwa wakili wa mshtakiwa amefiwa na bibi yake, bibi yule yule aliyekwisha kumzika kesi ilipoanza. Mwenye mali huja, hukaa kwenye benchi, hurudi nyumbani. Akishachoka kabisa, Yaishe humjia taratibu, kama inzi anayejua kidonda kilipo.

"Ndugu yangu, samehe. Mwambie hakimu umesamehe, uchukue redio yako. Yaishe."

Mwenye redio husamehe. Mwizi hutoka akitabasamu. Ndugu wa mwizi humshukuru Yaishe kwa noti, na mwenye redio naye humshukuru. Watu husema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Yaishe alikaa chini yake akikinga unga wa mbao.

Dada yangu mkubwa ni fundi cherehani, mjane. Chumba chake cha kushonea kilivunjwa, na mwizi alikamatwa njiani akiwa na cherehani kichwani, akiwaomba wapita njia wamsaidie kuitua. Huyo ndiye mtu ambaye mahakama nzima ilishindwa kumtia hatiani. Mimi ndiye niliyeutengeneza mlango, kwa hiyo niliandikwa shahidi. Kila kesi ilipotajwa tulikwenda pamoja, nikakaa kando ya dada bila kusema neno, maana hayo ndiyo ninayoyaweza mbele za watu.

Cherehani ikakaa stoo. Dada akawa anashona kwa mkono, vidole vimejaa matundu ya sindano. Wateja walimhurumia sana, kisha wakahamia kwa mafundi wengine. Ilibaki kazi moja tu ya maana, sare za shule. Mwalimu mkuu alimwambia wazi kwamba asipokuwa na cherehani kabla ya shule kufunguliwa, kazi hiyo angepewa mtu mwingine.

Yaishe alizipata habari hizo. Alitufuata kwenye benchi.

"Shikamoo, dada," akasema, ingawa mvi zake zilikuwa nyingi kuliko za dada.

"Marahaba, mwanangu," dada akajibu bila kumtazama. Benchi zima likacheka.

Yaishe naye alicheka, mtu wa kazi ile hana haya. "Kijana amejuta, dada. Mama yake halali."

"Hata mimi silali. Alinivunjia mlango."

"Mlango si umeshatengenezwa? Na huyu shemeji yangu hapa."

"Shemeji yako tangu lini? Umemwoa nani kwetu?"

"Sema tu umesamehe. Leo hii hii unaondoka na cherehani yako."

"Na nisiposema?"

Yaishe akashusha pumzi kama mtu mwenye huruma. "Stoo ina panya, dada. Na chuma hushika kutu."

Dada alivitazama vidole vyake. Mimi, kusema kweli, niliomba akubali.

Tulipoitwa ndani, mwendesha mashtaka alikwisha kulifunga faili. Mwizi alivaa shati jipya na uso wa mtu anayesubiri chakula kipakuliwe. Hakimu akauliza huku akiandika, "Nimeambiwa umemsamehe mshtakiwa. Ni kwa hiari yako?"

Dada akasimama. "Mheshimiwa, sijamsamehe. Nimechoka. Hivyo ni vitu viwili."

Nyuma yetu Yaishe akakohoa. "Sema ndiyo," akanong'ona. "Sema ndiyo, mama."

"Basi kesi itaendelea," akasema hakimu, "na kielelezo kitabaki hapa."

"Kibaki kinafanya nini?" Sauti ya dada ilipanda mpaka nikainama. "Cherehani itatoa ushahidi? Kama mnapenda kuiangalia, ipigeni picha, muiangalie mpaka mshibe, mimi nikashone!"

Watu wakaangua kicheko. Hakimu hakucheka. Aliweka kalamu chini, akamgeukia mwendesha mashtaka.

"Kwani haikupigwa picha ikarudishwa kwa mwenyewe? Sheria si inaruhusu?"

"Inaruhusu, mheshimiwa. Hakuna aliyeomba."

Hakuna aliyeomba! Watu wangapi walikwisha kuwasamehe wezi kwenye chumba kile, wakiapa kwamba ni kwa hiari yao, kwa sababu ya redio, kwa sababu ya baiskeli, kwa sababu ya sufuria? Na mwendesha mashtaka alijua. Hakimu naye aliuliza kama mgeni aliyeshuka jana, kumbe kiti kile alikikalia hadi mto wake ukabonyea.

Kwa amri ya hakimu, askari aliipiga picha kwa simu yake. Tukaitoa. Langoni Yaishe alikuja mbio, mikono mbele, kutaka kutupokea.

"Si nilikwambia leo hii hii unaondoka nayo?"

"Sogea, baba," dada akasema. "Usije ukakamatwa nayo."

Sare ziliwahi. Mwizi, alipoona hakuna wa kumsamehe, alikubali kosa dogo la kukutwa na mali asiyoweza kueleza aliipataje, kana kwamba cherehani ilimpanda kichwani yenyewe. Akapewa adhabu ya kufagia uwanja wa mahakama, na anafagia vibaya.

Habari ya picha ilienea kwenye mabenchi, watu wakawa wanaomba, na Yaishe akahamia kesi za mashamba, kwa sababu shamba hata ulipige picha halibebeki. Nasikia huko anajitambulisha kuwa yeye ndiye aliyemrudishia fundi mmoja mjane cherehani yake. Nao wanamwamini.